Programu moja, simu za kila aina: maswali niliyokutana nayo mwaloni Kirumba

Kila kijana akijua kwamba naandika programu za simu, huanza na swali lile lile: nishike Flutter au React Native, zana mbili za kuandika programu mara moja ikakaa kwenye Android na iPhone? Nimeulizwa na wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT hapa Mwanza kwenye daladala ya kutoka Malimbe, nimeulizwa na fundi simu wa barabara ya Pamba huku bisibisi iko mdomoni. Jibu langu huwa fupi kuliko wanavyolitarajia. Kama tayari unaandika tovuti kwa React na JavaScript haikutishi, chukua React Native. Kama hujazama kwenye lugha yoyote, chukua Flutter, jifunze lugha yake, Dart, haina makona mengi. Wengine hunitazama kana kwamba nimewanyima siri, maana walikuja wakitaka ubishi wa Simba na Yanga.

Tofauti ipo, siikatai. React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, inatumia vifaa vya simu yenyewe: kitufe unachokiona ni kitufe cha Android au cha iPhone. Flutter ya Google, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018, haiazimi kitufe kwa mtu. Inachora kila kitu yenyewe, kwa hiyo sura ni moja kila inapokwenda. Kuna pia Kotlin Multiplatform ya JetBrains, iliyotangazwa kuwa imara Novemba 2023, ambayo inakuruhusu kushirikisha hesabu na kanuni za kazi tu, skrini ukaziandika kila upande kivyake. Mimi nilichukua Flutter kwa sababu ya kupigiwa simu. Programu yangu inatumiwa na mawakala wanaonunua dagaa visiwani; mmoja akiwa kisiwa cha Ukara akiuliza "kaka, hapa nabonyeza wapi?", nataka nikitazama simu yangu nione kile kile anachokiona yeye.

Swali linalofuata huwa la woga: na kampuni ikiitelekeza je? Hilo nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu yamewakuta watu. Adobe iliifunga PhoneGap, zana ya aina hii hii, mwaka 2020. Microsoft iliacha kuihudumia Xamarin, zana yake, tarehe 1 Mei 2024 na kuwaelekeza watu kwenye mrithi wake, .NET MAUI. Hakuna anayeweza kukuapia kwamba zamu hiyo haitaifikia Flutter. Ninachofanya ni kutenga: hesabu za ndoo, madeni na mizigo ziko kwenye mafaili yasiyojua kama kuna skrini duniani. Siku ya kuhama, skrini nitaziandika upya, hesabu nitazihamisha mstari kwa mstari huku majaribio yake yakinionyesha kama kuna kilichoharibika.

Baada ya maswali hayo mawili vijana wengi huaga. Kazi yenyewe hapo bado haijaanza.

Kazi ninayoizungumzia ni ya wafanyabiashara wa dagaa wa mwalo wa Kirumba, pale mitumbwi na mizigo ya samaki inaposhukia Mwanza. Tajiri ana mawakala visiwani, Kome, Ukara na kwingine, wanaopokea dagaa kutoka kwenye mitumbwi. Sehemu wanalipa taslimu, sehemu inabaki deni. Dagaa wakikauka mzigo unavushwa kuja Mwanza, na huku nako wanunuzi wa mikoa ya bara wanauchukua kwa mali kauli. Yote hayo yalikuwa kwenye madaftari ya karatasi yanayonuka dagaa. Mawakala wanatumia Android za bei nafuu, kumbukumbu GB 1 au 2, kioo kimepasuka, video za WhatsApp zimejaa pomoni. Tajiri ana iPhone. Hiyo ndiyo sababu nzima ya programu kukaa pande zote mbili: anayelipa ana iPhone, anayefanya kazi hana. Nimeliona jambo hilo kwenye kazi za hoteli na za shule pia, kiasi kwamba siku hizi nikiulizwa kama Mwanza kuna soko la iPhone, nami nauliza bosi anashika simu gani.

Kuna jambo la ziwani ambalo kitabu chochote cha programu hakitakwambia. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani karabai, sasa zaidi taa za betri na sola. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Kwa hiyo taarifa haziingii sawasawa mwezi mzima. Kwenye giza, kuanzia alfajiri, wakala anaandika manunuzi mfululizo huku watu wamemzunguka wanataka hela yao. Toleo jipya la programu silitoi kipindi hicho hata kama liko tayari na linang'aa. Nangoja mbalamwezi.

Sasa swali ambalo jibu lake linabadilisha hata bei ya kazi: nianze na mtandao, halafu uwezo wa kufanya kazi bila mtandao niongeze baadaye? Vijana huliuliza wakiwa wameshachelewa. Kufanya kazi bila mtandao si kitu cha kubandika mwishoni, kwa sababu kunaamua taarifa zinaishi wapi. Kwenye programu ya mwaloni kila skrini inasoma kutoka SQLite, ghala la taarifa lililomo ndani ya simu, haisomi kamwe seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayokusanya taarifa za wote. Wakala akibonyeza Hifadhi, manunuzi yameshahifadhika hapo hapo, mtandao uwepo usiwepo. Pembeni kuna foleni ya vitu ambavyo havijatumwa, na seva inatafutwa kwa wakati wake.

Programu waliyokuwa nayo kabla, iliyoandikwa na mtu mwingine, ilikuwa ikituma seva moja kwa moja. Nilikaa na wakala mmoja nikaitazama ikifanya kazi. Anaandika ndoo 40, anabonyeza, kiduara kinazunguka weee, mwisho inamwambia imeshindikana. Anabonyeza tena, inakubali. Jioni kwenye ripoti ya tajiri kuna ndoo 80, na mwenye mtumbwi anadai za ndoo 40. Seva ilikuwa imepokea mara zote mbili. Kilichopotea njiani mara ya kwanza ni jibu la kurudi. Hapo hakuna mwizi, lakini mwaloni mtu huitwa mwizi kwa jambo kama hilo mbele ya kadamnasi, na wakala yule alikuwa ameshaitwa.

Dawa yake ni ndogo na haina uhusiano wowote na Flutter wala React Native. Kila manunuzi yanapewa namba yake ndefu ya kipekee ndani ya simu, pale pale yanapoandikwa, kabla hayajagusa mtandao. Simu ikituma mara tano, seva ikiiona namba ile inajibu tu kwamba inayo, kazi inaendelea. Namba za 1, 2, 3 zinazotolewa na seva hazifai hapa, kwa sababu mawakala wawili walioko visiwa tofauti bila mtandao wote watataka kuwa namba 118.

Saa ya simu nayo usiitegemee kupanga nani kaandika kwanza. Simu iliyozima kabisa kisha ikawashwa mahali pasipo na mtandao inaweza kuamka ikiwa na tarehe ya miaka mingi nyuma. Ukisema "aliyeandika mwisho ndiye mkweli", siku moja mkweli atakuwa mwenye saa mbovu. Mimi naweka saa ya simu kama maelezo tu, na mpangilio unafuata jinsi seva ilivyopokea. Halafu hakuna kufuta wala kubadili kilichoandikwa. Wakala akikosea ndoo, anaongeza mstari wa marekebisho, kama mhasibu anavyofanya kwenye daftari. Ukiweka hivyo, ule ugomvi wa simu mbili kubadili taarifa moja kwa wakati mmoja unakuwa haupo, kwa sababu hakuna anayebadili, kila mtu anaongeza.

Mtu ataniuliza: si unaweza kuiacha itume yenyewe kimya kimya, mwenye simu akiwa hajaifungua? Unaweza kujaribu. Kwenye Android, kazi ya kujirudia kwa WorkManager, chombo cha kupangia kazi za kimya kimya, haiwezi kuwekwa chini ya dakika 15, na hiyo ni ahadi ya makaribio tu. Kwenye iPhone mfumo wenyewe unaamua lini ikupe nafasi, na kama mtu haifungui programu yako mara kwa mara, unaweza kusubiri sana. Juu ya hapo, simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa zina kitunza betri kikali kinachoua programu mara tu mtu akiiacha. Wengine wanapigana na kitunza betri hicho kwa kumwelekeza mtumiaji aingie mipangilio, azime hiki, aruhusu kile. Mimi niliacha. Nimeweka maandishi mekundu juu ya skrini: "Hazijatumwa: 6". Mawakala wameyaelewa kuliko mpangilio wowote. Yule wa Ukara ana jiwe lake analopanda jioni kutafuta mtandao. Anapanda, anafungua programu, anangoja ule wekundu upotee, anashuka. Kazi yangu ni kuhakikisha hangoji muda mrefu: mafungu madogo madogo, na picha ya mzigo inapunguzwa ndani ya simu mpaka chini ya KB 200 kabla ya kutumwa.

Kuna swali ambalo limenifikia kwa WhatsApp kutoka kwa watu wengi kiasi kwamba nimelihifadhia jibu: "Programu yangu inafanya kazi vizuri nikiwa nimechomeka waya, nikimpa mtu APK haipati mtandao kabisa, tatizo nini?" APK ni faili la kuingizia programu kwenye Android. Ukianzisha mradi wa Flutter, ruhusa ya intaneti huwa imewekwa kwenye faili la AndroidManifest, linaloorodhesha ruhusa za programu, la upande wa majaribio. Lile kuu, linaloingia kwenye toleo la kumpa mtu, halina. Unaongeza mstari mmoja, yameisha. Kuna ndugu yake swali hilo: "Mbona Flutter nzito hivi, inakwamakwama?" Toleo la majaribio linatafsiri msimbo huku likitembea ili uweze kubadili kitu na kukiona papo hapo. La kumpa mtu limeshageuzwa kuwa lugha ya mashine. Usiipime kasi kwa lile la majaribio, na tafadhali usimwonyeshe mteja.

Kuhusu kurushiana programu nitakaa kidogo, maana ni jambo la kwetu. Hapa watu hawapakui, wanasema "nirushie". Wakala akiipenda programu anamrushia mwenzake kwa programu za kutuma mafaili bila bando. Zamani ilikuwa sawa. Lakini tangu Agosti 2021 Google Play inataka programu mpya ziletwe kama fungu (App Bundle), kisha yenyewe inamkatia kila mtu vipande vinavyofaa simu yake: kipande cha msingi, kipande cha aina ya prosesa, kipande cha wingi wa nukta za skrini. Kuna njia za kurushiana zinazochukua kile cha msingi peke yake. Programu ya Flutter ikifika namna hiyo inakosa injini yake. Inafunguka na kufunga papo hapo. Anayepokea haambiwi chochote, anasema tu programu ya fulani ni mbovu.

Ukiamua kusambaza APK mwenyewe kwa WhatsApp, kuna shimo la pili. Play huisaini programu upya, yaani huitia muhuri wa kidijitali, kwa ufunguo wake kabla ya kumpa mtu, wakati wewe nyumbani umesaini kwa ufunguo wa kupakilia. Kwa Android hizo ni programu mbili za watu wawili. Aliyepewa APK yako hawezi kupandisha toleo kutoka Play mpaka aondoe la zamani, na akiliondoa, kila alichoandika ambacho hakijafika seva kinakwenda nalo. Kwa wakala wa Kome mwenye manunuzi ya usiku mzima kwenye simu, hiyo si hasara ya kuelezeka. Ninachofanya ni kuingia kwenye Play Console, ukurasa wa Google wa waandishi wa programu, sehemu inayoonyesha mafungu yaliyopakiwa, na kupakua kutoka huko APK kamili iliyokwisha kusainiwa na Play. Hiyo ndiyo naitupia kwenye kundi la mawakala. Ni kubwa kidogo, lakini inarushika na inakubali kupandishwa toleo baadaye.

Kompyuta gani inatosha? Yoyote yenye kumbukumbu ya GB 8 utaiburuza hivyo hivyo, GB 16 utapumua. Achana na simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, inakula kumbukumbu yote. Chomeka simu halisi, tena chomeka mbovu, ile itakayotumika. Mara ya kwanza kujenga mradi Gradle, chombo kinachounganisha programu ya Android, inapakua mafaili mengi sana, kwa hiyo iache usiku wenye bando la bei ya chini, na usipandishe toleo la Flutter wiki ya kukabidhi kazi.

Skrini zilinifundisha mambo ambayo mezani huyaoni. Mwaloni jua linapiga kwenye mchanga na kwenye maji, kijivu juu ya nyeupe hakisomeki. Vidole vina maji na magamba, na kioo cha kugusa hakipendi maji: unagusa hapa kinajibu pale. Mwongozo wa Google wa mwonekano wa programu, Material, unataka kitufe kisiwe chini ya vipimo 48, wa Apple unasema 44. Mimi kile cha Hifadhi nimekifanya upana wote wa skrini. Na kitufe cha kufuta hakikai jirani yake.

Halafu kuna ukubwa wa herufi. Kwenye majaribio nilimpelekea mama mmoja wa siku nyingi kwenye biashara hiyo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leta tuone." Simu yake ilikuwa imewekwa herufi kubwa kuliko zote, mjukuu wake ndiye aliyemwekea. Akatazama ukurasa wa madeni, akatazama tena, akanigeuzia. "Huyu ninamdai milioni na laki mbili. Hapa pameandikwa mia na ishirini?" Tarakimu za mwisho zilikuwa zimekatwa na ukingo wa kisanduku. Kwenye toleo la majaribio Flutter mara nyingi hukuonyesha michirizi ya njano na nyeusi vitu vinapofurika. Kwenye la kumpa mtu haionyeshi michirizi, na maandishi yanayokatwa na kisanduku chake yenyewe hayakupi onyo popote pale. Fedha sasa ina kanuni yake: inashuka mstari au inapungua ukubwa, kukatwa hairuhusiwi. Na kila skrini naipima kwa herufi za yule mama kabla ya kuitoa.

Saa nayo. Flutter ina tafsiri ya Kiswahili ndani yake, kalenda na vitufe vya Sawa na Ghairi vinakuja vyenyewe, ukidhani umemaliza. Lakini kichaguzi cha saa kinahesabu kuanzia usiku wa manane, na wakala anahesabu kuanzia alfajiri. Chombo kikifika saa mbili asubuhi, anaweka 2. Kwenye ripoti kinaonekana kimefika usiku wa manane umepita kidogo, wakati mitumbwi bado iko majini na taa zinawaka. Nilikiondoa kichaguzi kile. Sasa anachagua kwanza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha namba ya saa kama anavyoisema kwa mdomo, na programu inageuza yenyewe. Kwa chini kidogo, herufi nyembamba, inaandika 08:00, kwa ajili ya tajiri ambaye iPhone yake iko kwa Kiingereza.

Malipo. Karibu kila mtu wa hapa ana wazo lile lile la kwanza: programu isome ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money ulioingia kwenye simu, ijue mteja kalipa. Ni wazo zuri na limefungwa. Tangu mwaka 2019 Google Play imebana ruhusa ya kusoma ujumbe; kama programu yako si ya kutuma na kupokea ujumbe, au huna sababu wanayoikubali, hawakupitishi. Kwenye iPhone mlango huo haupo kabisa. Njia inayobaki ni ya seva: seva inaomba malipo, mteja anaona dirisha la kuweka namba ya siri, mtandao wa simu unaijulisha seva, simu inaiuliza seva. Usiiruhusu simu ndiyo iseme "kalipa". Na weka hali ya tatu kati ya imekubali na imekataa, kwa sababu majibu huchelewa: "inasubiri". Kijana aliyeweka mbili tu atamlipisha mtu mara mbili. Kuhusu ile asilimia wanayokata Apple na Google, wanaouza dagaa wasiogope, bidhaa ya kushikika haipitii mfumo wao wa malipo. Anayeuza masomo au burudani za ndani ya programu ndiye asome masharti kwa makini.

Je, nahitaji Mac? Kuandika, hapana. Kujenga na kusaini toleo la iPhone, ndiyo, kwa sababu Xcode, chombo cha Apple cha kujengea programu, inakaa kwenye Mac tu. Si lazima iwe yako: unaweza kukodi iliyoko mtandaoni kupitia huduma kama Codemagic au GitHub Actions, ukaipa msimbo ikakurudishia programu. Ada ya Apple ni dola 99 kila mwaka, ya Google dola 25 mara moja tu. Bila kulipa Apple unaweza kuweka programu kwenye iPhone yako mwenyewe, inaishi siku 7 halafu inakataa kufunguka. Ya tajiri nimeiweka kwenye TestFlight, huduma ya Apple ya kujaribu programu kabla ya kwenda dukani. Toleo moja huko linaishi siku 90, na kwa kuwa kila baada ya mbalamwezi chache huwa nina toleo jipya, haijawahi kunisumbua. Kama mnakwenda dukani kabisa, wakaguzi wa Apple wanataka kuingia ndani ya programu, na hawana laini ya +255 ya kupokea namba ya uthibitisho. Watengenezee akaunti ya majaribio yenye nywila. Pia kama programu inaruhusu mtu kufungua akaunti, lazima imruhusu kuifuta humo humo ndani; sharti hilo lilianza tarehe 30 Juni 2022.

Kwa upande wa Google, anayefungua akaunti ya mtu binafsi tangu Novemba 2023 anatakiwa kwanza awe na wajaribuji waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Ilianza wakitaka watu 20, baadaye wakashusha hadi 12. Watu 12 Mwanza si tatizo, utawapata kwenye kijiwe kimoja cha kahawa. Tatizo ni anwani zao za Gmail. Wengi walifunguliwa na muuzaji siku waliyonunua simu, anwani hawaijui, nywila ndiyo kabisa. Ukifungua akaunti ya kampuni unaepuka jaribio hilo, ila unahitaji namba ya D-U-N-S, ya kuitambulisha kampuni kimataifa, na jina lako lote lilingane na lile ulilosajili BRELA hadi nukta. Anza hilo mapema, mradi ukiwa bado kwenye karatasi. Na kwa kuwa programu inabeba majina, namba za simu na madeni ya watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe na tajiri wako. Sera ya faragha ya kunakili kutoka tovuti ya mtu mwingine haitawafaa.

Swali la mwisho huwa la bei, na huulizwa kwa sauti ya chini. Kiwango sitaji, kila mtu na ukubwa wa kazi yake. Ila ninachokitaja kwa mteja siku ya kwanza ni kwamba programu ya simu ina gharama ya kila mwaka. Google hupandisha kila mwaka toleo la Android ambalo programu inatakiwa ililenge, Apple nao wanataka ijengwe kwa Xcode ya karibuni, na ukikaa bila kugusa kitu, siku moja hutaweza kupakia hata rekebisho la herufi. Tajiri aliposikia hivyo alicheka. "Kaka, daftari langu halijawahi kunidai hela ya mwaka." Tukakaa, tukagawa gharama ile kwa miezi, analipa kila giza likiisha na hesabu zikifungwa. Ndani yake mna kupandisha matoleo, ada ya Apple, seva na simu zangu za kuongea na mawakala. Kipengele kipya akikitaka, tunaandikiana upya.